Hospitali Sitini na Tatu za Mzee Kondo

Haya si ya kale. Yangekuwa ya kale yangeanza kwa utaratibu wake, watu wakaitikia, watoto wakasogea karibu. Lakini waliohusika bado wanalipwa mishahara, na magari yao yanapita na vioo vimefungwa, kwa hiyo na tuseme tu kwamba ilikuwapo nchi, na nchi hiyo si hii yenu. Hii yenu, alhamdulillahi, ina hospitali.

Nchi hiyo ilikuwa na sarafu ya ngwenje kumi. Sarafu yenyewe ilikuwa nzuri, mwenye haki apewe haki yake. Ilikuwa na pembe saba, rangi ya shaba iliyosuguliwa, na ukingo wenye meno madogomadogo ambayo ukiyapitisha kwenye ukucha yanalia kama panzi. Upande mmoja alikuwapo Mtukufu Kiongozi anatabasamu, shingo imejaa. Upande wa pili ilikuwapo Hospitali ya Wilaya: paa, mlango, ngazi tatu, madirisha, na chini yake maneno AFYA IMEFIKA. Ilitolewa kwa heshima ya kufunguliwa kwa hospitali hiyo.

Siku ya ufunguzi Mtukufu alikuja mwenyewe. Akaletewa mkasi juu ya mto wa hariri, akakata utepe uliofungwa baina ya miti miwili. Nyuma ya utepe kulikuwa na shamba la mihogo. Watu wakapiga makofi, maana utepe ulikatika vizuri, na Mkuu wa Wilaya wa wakati ule, Mheshimiwa Tambo, akaeleza kwamba jengo liko njiani, limekwamia daraja. Lilikuwa daraja gani, hakuna aliyeuliza. Aliyewahi kuuliza jambo kama hilo naye alikuwa njiani, amekwama, na mkewe bado anamngoja.

Kutengeneza sarafu moja ya ngwenje kumi kuliigharimu serikali ngwenje arobaini. Ikishatoka ilikuwa hainunui hata njiti ya kiberiti. Wenye maduka waliikataa. Ombaomba wa msikitini alipopewa aliirudisha kwa mikono miwili, akasema naye ana heshima zake.

Aliyeipenda alikuwa mtu mmoja tu, Mzee Kondo, fundi wa kuezeka. Msumari wa bati, kama mjuavyo, unataka wasa, kile kisahani kinachokaa chini ya kichwa chake ili mvua isipenye. Wasa moja ilifika ngwenje thelathini. Mzee Kondo alisoma mpaka darasa la pili, la tatu aliliona kwa dirishani, lakini hesabu hiyo haikumshinda. Alinunua sarafu ndoo nzima, akawa anazitoboa katikati na kuezekea. Msumari uliingia mlangoni mwa hospitali ukatokea puani kwa Mtukufu. Kijiji kizima kikalala pakavu.

Sasa mtu akishika kitu kutwa nzima, mwaka hata mwaka, hukiamini. Mzee Kondo alikuwa hasomi magazeti. Alichokisoma ni pesa. Alijua serikali inaweza kusema uongo redioni, alijua inaweza kuusema mkutanoni hata chini ya bendera. Lakini kwamba inaweza kuupiga mhuri juu ya shaba yake yenyewe, hilo halikumjia. Kwa hiyo mkewe, Bi Mashavu, alipovimba miguu, kisha pumzi ikaanza kumkatika, Mzee Kondo hakubabaika. Alimlaza juu ya mkokoteni, akamfunika kanga, akaenda naye hospitali.

Mabango yalikuwapo. Kwa mabango serikali ile haikuwa na mfano. La kwanza lilisema HOSPITALI YA WILAYA, MITA MIA MBILI. Mzee Kondo akasukuma mita mia mbili, akakuta mihogo. Akarudi, akasukuma tena, huenda alihesabu hatua vibaya. Mihogo. Katikati ya mihogo hiyo kulikuwa na bango la pili, KIMYA, WAGONJWA WAMELALA, na chini yake mbuzi.

Bi Mashavu alikuwa mtu wa mzaha tangu usichana wake. Aliinua kichwa, akatazama mihogo, akamtazama mbuzi, akamwambia mumewe kwa ile pumzi iliyobaki: "Baba Zaina, hesabu vizuri hayo madirisha. Labda tumelipita jengo."

Hakusema lingine. Mzee Kondo alifungua kinywa apige ukelele wafike hata wa mashamba ya mbali. Lakini macho yake yakaangukia bango, akalisoma herufi kwa herufi kama alivyofundishwa darasa la pili, akafumba kinywa. Miaka minne baadaye alikuwa bado hajasema neno zima na mtu yeyote mwenye cheo.

*

Na mtani wake, Chande, alisema, maana mtani hana cheo. Ukoo wa Chande na ukoo wa Kondo walikuwa watani tangu enzi za mababu, na mtani ana ruhusa ya kusema msibani lile ambalo mwingine akilisema atapigwa. Siku ya mazishi Chande alitangulia kuingia kaburini, akajinyoosha, akasema hatoki mpaka apewe jogoo, maana kitanda kizuri namna hii hakuna serikali inayokitoa. Watu wakacheka machozi yakiwatoka. Jogoo akaletwa, Chande akatoka, maiti akaingia. Ndiyo kazi ya mtani hiyo, kuwakumbusha watu kupumua.

Kaburi Mzee Kondo alilijengea saruji kwa mkono wake. Saruji ikiwa bado mbichi akachukua sarafu sitini na tatu, mpya, ambazo tangu mwaka ule wa kwanza zilikuwa hazijatoka kwenye karatasi ya benki, akazipanga moja moja akaandika MASHAVU. Ile S ilitazama upande usio wake, na hakuna aliyethubutu kumwambia. Zote alizilaza hospitali ikiwa juu na Mtukufu chini, uso ndani ya saruji.

"Alitaka hospitali," alimwambia Chande. "Nimempa."

"Na huyu uliyemlaza kifudifudi?"

"Huyo atazame chini, aone kazi yake."

*

Ikawa siku moja redio ikatangaza kwamba ng'ambo kuna tajiri anayekusanya sarafu, si kwa kununulia kitu, ila kwa kuzitazama. Tajiri huyo amelipa bei ya ng'ombe wawili wa maziwa, na ndama juu yake, kwa sarafu moja ya ngwenje kumi.

Mtaalamu wa Sarafu wa Serikali, kijana mwenye miwani na sauti ya pua, aliletwa redioni kueleza. Alisema hospitali kwenye sarafu ya kawaida ina madirisha saba, na hizo ziko milioni arobaini. Lakini mwaka ule wa kwanza mchongaji, kwa kuwa hakuwa na jengo la kutazama, aliuliza Ikulu madirisha ni mangapi, na juma hilo Mtukufu alikuwa ameota nane. Zikapigwa za nane juma zima. Juma lililofuata Mtukufu hakuota, wakarudi kwenye saba. Hizo za nane, mradi meno ya ukingo yawe kamili, zisiwe zimechakaa, zisiwe zimepita mikononi mwa watu, ndizo zinazotafutwa na ulimwengu.

Kijiji hakikungoja taarifa ya habari iishe. Watu walipanda juu ya mapaa yao wenyewe na nyundo, wakang'oa misumari, wakahesabu madirisha. Baada ya siku tatu hapakuwa na bati lililobaki mahali pake, na madirisha nane yalipatikana mengi tu, watu wakakumbatiana. Ndipo Mtaalamu akarudi redioni kusema kwamba amesahau jambo dogo: sarafu iliyotobolewa ni chuma chakavu. Mvua za masika zilifika Ijumaa, zikakikuta kijiji kimekaa wazi kinazingoja.

Lawama zote zikamwendea Mzee Kondo, aliyetoboa. Walikuja kumtukana wakiwa na vyungu kichwani kwa ajili ya matone. Yeye akachukua nyundo, akaanza kuwaezekea upya, nyumba moja hadi nyingine, na Chande anasema alimwona juu ya paa anacheka peke yake.

Kicheko hicho hakikudumu. Mtu mmoja, aliyelowa kuliko wenzake, alikumbuka kwamba zipo sarafu za mwaka ule ambazo hazikutobolewa, hazikuchakaa, hazikupita mkononi mwa mtu. Akaandika barua serikalini.

*

Serikali ilikuwa na shida yake. Ilikwisha kutangaza kwamba kila sarafu ya madirisha nane ni mali ya taifa, lakini wanasheria waliuliza swali. Kama madirisha halali ni saba, basi zile za nane ni bandia na haziuziki. Kama halali ni nane, basi zile milioni arobaini ni bandia, na aliyezitengeneza ni serikali, na adhabu ya kutengeneza pesa bandia ni kunyongwa. Njia ilikuwa moja tu, kwenda kwenye hospitali yenyewe kuhesabu.

Ikaundwa Tume ya Kitaifa ya Madirisha. Mwenyekiti wake akawa Mheshimiwa Tambo, ambaye tangu siku ya utepe alikwisha kupanda mpaka Waziri, na ambaye kwa miaka yote hiyo alikuwa akipeleka taarifa kila robo mwaka kwamba hospitali inaendelea vizuri, wagonjwa wanapona, sakafu inapigwa deki. Magari kumi na moja yalishuka wilayani. Mheshimiwa Tambo alikaa gari la mbele akipangusa jasho, maana alijua mwisho wa safari ni mihogo.

Kwa hiyo alipofika alisema kwamba kabla ya hospitali kuna jambo la dharura makaburini.

Mzee Kondo aliwakuta wamekwisha kulizunguka kaburi. Mtaalamu amelala kifudifudi juu ya saruji na kioo cha kukuzia, anasogea kwa tumbo kama kenge, anasema, "Nane. Nane. Nane, na meno yote. Hii nayo nane." Alipofika kwenye ile S ya kinyume miwani yake ilikuwa imejaa ukungu. Pembeni palisimama askari wawili na fundi mwenye nyundo na tindo.

Mheshimiwa Tambo alikohoa, akahutubia. Alisema maendeleo hayana budi kupita mahali fulani, na leo yamechagua kupita hapa. Alisema marehemu alikuwa mzalendo. Kisha akasoma shitaka: kwamba mzee huyu, kwa makusudi na kwa kutumia saruji, amehodhi hospitali za serikali sitini na tatu, wakati wananchi wa wilaya nzima hawana hata moja.

Katibu wa Tume alikuwa karani wa mjini, kola imemkaba. Akaandika yote. Katika nchi ile lilisemwalo mbele ya Tume lilikuwa sharti liandikwe, na lililoandikwa lilikuwa halifutwi hata na Mtukufu, kwa kuwa ndivyo Mtukufu mwenyewe alivyowahi kusema mbele ya Tume.

Mzee Kondo hakupiga kelele. Alivua viatu, akapanda juu ya kaburi, akaketi juu ya jina. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka minne kusema na mwenye cheo, na sauti ilitoka na kutu.

"Bwana mkubwa, mimi sikusoma. Najua kuandika jina moja tu duniani. Mkilibandua hili, sina lingine."

"Mzee wangu," alisema Mheshimiwa Tambo kwa upole wa kazini, "utaandikiwa jingine kwa kompyuta."

Akawapa ishara askari. Wakamshika mzee, mmoja huku na mmoja huku, wakamwinua, na magoti yake yakabaki yamekunjwa vilevile kama bado ameketi. Fundi akapiga magoti, akaweka tindo kwenye M.

Ndipo Chande akapenya katikati ya miguu ya askari, akajinyoosha juu ya kaburi kama siku ile ya mazishi, mikono kifuani, akafumba macho.

"Wewe ni nani?" aliuliza Mheshimiwa.

"Mimi ni mtani. Endeleeni. Ila mjue mnachobomoa," alisema Chande bila kufumbua macho. "Mmetoka mjini na magari kumi na moja kutafuta hospitali, si ndiyo hii? Soma juu yake, AFYA IMEFIKA, imeandikwa mara sitini na tatu. Kitanda kipo. Mgonjwa yupo, amelazwa miaka minne, hajalalamikia chakula, hajauliza daktari yuko wapi. Hospitali ya serikali yenye mgonjwa mtulivu hivi mtaipata wapi tena? Na mkubwa wenu yumo humo ndani, kainamia kitandani, anamkagua mgonjwa. Haya, piga tindo, mzindue Mtukufu."

Wanakijiji walicheka, maana walijua utani. Wanatume hawakucheka. Walikuwa watu wa mjini, mtani hawamjui; walichosikia ni shahidi anatoa ushahidi, na katibu alikuwa ameshaandika mpaka nukta ya mwisho.

Mheshimiwa Tambo alimgeukia katibu. Jasho la safari nzima lilimkauka usoni watu wakiona.

"Katibu," alisema taratibu, "nisomee hapo palipoandikwa hospitali."

Katibu akasoma. Kitanda kipo. Mgonjwa yupo. Kiongozi anakagua.

"Ndugu wajumbe," alisema Mheshimiwa Tambo, na sauti ilimtetemeka kwa furaha ya kweli, labda ya kwanza katika utumishi wake, "tumefika hospitalini."

Mengine yalikwenda haraka. Madirisha yalihesabiwa yakawa nane, kwa ushahidi wa shaba, na kuhusu zile milioni arobaini iliazimiwa kwamba dirisha moja lilikuwa limefungwa. Na kwa kuwa sheria ya nchi ile inasema atakayebomoa jengo lililofunguliwa na Mtukufu afungwe maisha, fundi aliondoa tindo yake kwenye M kama aliyeshika kaa la moto. Mtaalamu akalia waziwazi. Alikuwa akipiga hesabu ya ng'ombe mia moja na ishirini na sita, bila ndama.

Askari wakamwachia Mzee Kondo. Akaenda kuipapasa ile M kwa kidole gumba. Ilikuwa na mkwaruzo mdogo, uliopo mpaka leo.

*

Hospitali ikatangazwa kwenye gazeti la serikali, kitanda kimoja, mgonjwa mmoja. Likaja bango. Ikaja senyenge, na mlinzi, na saa za kuwatazama wagonjwa, ikawa Mzee Kondo hawezi kumzuru mkewe ila saa sita mpaka saa saba mchana, kwa kadi. Na mwisho kabisa, kwa kuwa fomu ilikuwa na mstari wa muuguzi na mstari hauachwi wazi, akaja nesi. Aliitwa Agripina, msichana mwenye mikono minene na sanduku la dawa. Alipoonyeshwa mgonjwa wake alikaa juu ya sanduku kwa muda mrefu.

"Mashavu alipomtaka nesi hakumpata," Mzee Kondo alimwambia. "Sasa anaye, na hana haja naye. Hao ndio wakubwa wetu, mwanangu. Wanaleta maji, moto umeshazima."

 Kesho yake mama mmoja alisimama nje ya senyenge na mtoto mwenye homa, na Agripina akafungua sanduku.

Tatizo lilikuwa daftari. Hospitali ilikuwa na mgonjwa mmoja, na dawa zilitoka kwa jina lake tu. Agripina alikuna kichwa, kisha akaandika: Mashavu, homa, vidonge sita. Alasiri akaandika: Mashavu, ameteguka mguu. Siku ya tatu: Mashavu, amejifungua pacha, wa kiume wote. Foleni ikaanza kuzunguka makaburi. Nesi alisimama kwenye lango la senyenge akaita, "Mashavu!" na likainuka jibaba lenye ndevu na jipu shingoni.

Kule makao makuu walizisoma taarifa wakastaajabu. Mgonjwa mmoja, kwa mwezi mmoja, alikuwa ameugua surua, ngiri, kikohozi na meno ya utotoni, akazaa mara nne, na bado anaendelea vizuri. Idadi ya vifo ilikuwa sifuri. Mheshimiwa Tambo alipewa nishani, akaivaa hata anapooga, kwa mujibu wa Chande.

Mzee Kondo alikuwa akikaa nje ya senyenge kila asubuhi, akingoja saa sita ifike. Kutwa alisikia jina la mkewe likiitwa na watu wakiliitikia, sauti nene, sauti za vitoto, na hakuwahi kusema kama linamuuma au vipi. Wakubwa aliwalaani vilevile, mmoja mmoja, kwa majina na vyeo vyao.

Mvua za vuli zilipokuja yeye naye akashikwa na homa. Chande akamkokota mpaka kwenye foleni, akamkalisha, akamwambia mtani wangu usifie hapa utawaharibia takwimu. Mzee Kondo alijifunika koti, meno yanagongana. Miaka thelathini na moja aliita jina lile kutoka juu ya mapaa ya watu, aletewe maji, aletewe msumari, na kila mara aliitikiwa kutoka chini neno lile lile moja.

Foleni ikasogea. Agripina akatokeza kichwa, akatazama daftari, akaita:

"Mashavu."

Hakuna aliyeinuka. Akaita tena.

"Abee," akaitika Mzee Kondo, akasimama.

Agripina aliandika: Mgonjwa ameitika. Taarifa ikaenda makao makuu, ikapigwa mhuri.